Upara Usioambukiza

Ukitoka mji wa Busia upande wa Kenya ukaishika barabara ya Malaba, huendi mbali kabla ya kufika Alupe. Siku hizi jina hilo ni la chuo kikuu, kilichopata hati yake mwaka 2022. Kwa wazee wa pande zote mbili za mpaka, Alupe ni jina la ukoma. Hapo ndipo serikali za kikoloni zilipoweka Kituo cha Utafiti wa Ukoma cha Afrika Mashariki, kikapewa jina la John Lowe, daktari aliyefanya kazi India na Nigeria na kusaidia kuonyesha kwamba vidonge vya dapsoni, dawa ya bei ndogo, vinautibu ugonjwa huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kituo kilibaki mikononi mwa Kenya, na chini ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979, kikaitwa Kituo cha Utafiti wa Ukoma na Magonjwa Mengine ya Ngozi. Makala haya ni juu ya mmojawapo wa hayo mengine: kunyonyoka nywele kunakotokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe. Nadai kwamba aibu inayompata mtu wa Busia, au wa Tororo upande wa Uganda, aliyepotewa na nywele ghafla haikutoka kwa mababu, ingawa ndivyo inavyosemwa mara nyingi. Ni aibu changa. Imetengenezwa ndani ya miaka mia moja hivi, na iliyoitengeneza zaidi ni historia ya maradhi ya kuambukiza katika ukanda huu, ambayo yalimfundisha kila mtu, mganga na jirani, kuusoma upara kama dalili ya hatari kwa wengine.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe, kwa sababu nusu ya mashaka hutokana na kuuchanganya na mingine. Chini ya ngozi kila unywele una kifuko chake kinachouotesha. Kwa kawaida askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hukipita kifuko hicho bila kukigusa. Kwa baadhi ya watu, kwa sababu ya mchanganyiko wa kurithi na mambo mengine ambayo bado yanachunguzwa, askari hao hukiona kama adui na kukizingira. Unywele hukatika au kung'oka, na baada ya siku chache kunabaki duara laini kichwani, lisilo na magamba wala kidonda, na mara nyingi lisilouma wala kuwasha. Wengi hupata duara moja au mawili. Wachache hupoteza nywele zote za kichwa, na wachache zaidi hupoteza hata nyusi na kope. Makadirio yanayotumiwa na madaktari wa ngozi duniani ni kwamba watu wawili katika kila 100 hupatwa nao wakati fulani maishani, wengi wakiwa bado watoto au vijana. Jina lake la kitabibu, alopesia, linatokana na neno la Kigiriki la mbweha, mnyama ambaye Wagiriki walimfahamu kwa kunyonyoka manyoya. Na aina hii ya mabaka iliorodheshwa kwa jina lake la sasa na daktari Mfaransa, François Boissier de Sauvages, katika miaka ya 1760. Kifuko cha unywele hakifi. Ndiyo maana nywele zaweza kurudi zenyewe baada ya miezi, au baada ya miaka, kisha zikaondoka tena. Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga, nayo hunyonyoa nywele, na ile inayoshambulia ngozi yaweza kuacha kovu ambalo halioti kitu tena. Yote mawili hayaambukizi, hata kwa kuchangia kitana au mto.

Sasa turudi nyuma, kabla ya hospitali. Watu wa ukanda huu, Wasamia, Wakhayo, Wamarachi, Wagwe, Wateso, Wajopadhola na Wajaluo, waliishi pamoja muda mrefu kabla mstari wa mpaka haujawapitia katikati. Hata huo mstari haukutulia: hadi mwaka 1902 nchi yote ya hapa, na mbali zaidi hadi karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda, ndipo Uingereza ikalihamishia jimbo hilo la mashariki upande ambao baadaye ungeitwa Kenya. Katika jamii nyingi za eneo hili wembe ulikuwa na kazi kubwa kuliko ya urembo. Günter Wagner, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wamaragoli na Wabukusu katika miaka ya 1930, alieleza kwa kirefu siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi, siku ambayo ukoo mzima ulikusanyika, madeni ya marehemu yakatajwa na warithi wakajulikana. Wajaluo wana jina lake, liedo. Watoto wachanga walinyolewa nywele walizozaliwa nazo. Wazee, wanawake kwa wanaume, walipenda kuishi na kichwa kilichonyolewa kwa sababu ya joto na chawa. Kwa hiyo katika kijiji cha Samia au Padhola, siku yoyote ile, vichwa vitupu vilikuwa vingi, na kila kimoja kilikuwa na sababu yake: huyu amefiwa, yule amejifungua, bibi yule ndiyo kawaida yake. Mtu aliyeanza kupata mabaka ya upara alikuwa na njia ya kutoka iliyo wazi, nayo ni kunyoa zote. Akishanyoa, hakuwa na jambo la kueleza.

Kuna pingamizi mbili hapa, na zote zina uzito. Ya kwanza ni kwamba ninaipamba jadi. Kunyolewa kwa mjane, kwa mfano, hakukuwa jambo la hiari; katika familia nyingi kuliambatana na masharti makali juu ya mwili na mali yake, na makanisa pamoja na watetezi wa haki za wanawake hawakukosea kulipinga. Tena nywele zilizokatwa zilifichwa au kufukiwa, kwa kuwa ziliaminika kuwa chombo cha mchawi; mtu ambaye nywele zake zinamtoka zenyewe usiku angeweza kudhani, au kudhaniwa, kuwa kuna mkono nyuma yake. Nakubali yote hayo. Sisemi jadi ilikuwa na huruma. Nasema tu kwamba haikuufanya upara wenyewe kuwa habari. Hofu ilikuwa juu ya nywele zilizoanguka, ziko wapi na nani kaziokota. Kichwa kilichobaki hakikumtenga mtu na sahani ya wenzake. Pingamizi ya pili ni kwamba kunyolewa kwa msiba huisha, nywele huota, ilhali ugonjwa huu hauna tarehe ya kwisha. Hiyo ni kweli, na ndiyo tofauti kubwa kwa anayeugua. Lakini kwa anayetazama, ambaye ndiye mtengenezaji wa aibu, kichwa kinachonyolewa kila wiki mbili na kichwa kisichoota ni kitu kimoja.

Mabadiliko yalianza na ukoma. Ugonjwa huu ulikuwapo tangu zamani na uliogopwa. Kampeni za karne ya 20 zilileta jambo jipya, nalo ni mafunzo ya kuutambua mapema. Karibu na mwaka 1930 Dkt. Wiggins, aliyekuwa amestaafu kazi ya ukuu wa idara ya tiba Uganda, alirudi kama mmisionari akaanzisha makazi ya wenye ukoma Kumi na Ongino, nchi ya Wateso. Mwaka 1934 masista wa Kifransisko wakaanza Buluba, Busoga. Alupe ikafuata, karibu kabisa na mpaka. Kuanzia 1960 maelfu ya watoto wa Teso waliokuwa ndugu wa wagonjwa waliingizwa katika jaribio la chanjo ya BCG, nalo likaonyesha kwamba chanjo hiyo ilipunguza ukoma miongoni mwao kwa takriban asilimia 80, matokeo ambayo hadi leo hutajwa katika vitabu vya tiba duniani kote. Ilikuwa kazi kubwa na njema. Ila kazi ya kutafuta wagonjwa ilihitaji macho ya kijiji kizima: machifu, walimu, makatekista, mama wa nyumbani. Wote walifundishwa alama. Baka lisilohisi mchomo, vidole vinavyokufa ganzi, na alama moja iliyokaa usoni ambapo kila mtu huiona bila kumvua mtu shati: nyusi zinazopukutika kuanzia ncha za nje.

Hapo ndipo mwenye alopesia alipoingizwa katika kundi lisilo lake. Akipoteza nyusi, uso wake unafanana na picha za mabango ya kampeni ya ukoma. Na walio wengi hawakuishia kwenye nyusi. Walihamisha funzo hilo hadi kichwani, wakaona kila nywele inayotoka pasipo wembe ni ya kutiliwa shaka. Kitabibu, kosa hilo ni la kushangaza kidogo. Vijidudu vya ukoma hupenda sehemu za mwili zilizo baridi, kama vile masikio, pua, nyusi na vidole. Utosi una joto, na kwa kawaida nywele za kichwani husalimika hata kwa mgonjwa ambaye uso wake umeshaharibika. Kwa maneno mengine, kipara cha duara kichwani ni karibu kinyume cha dalili ya ukoma. Lakini elimu ya afya iliyotolewa mkutanoni chini ya mwembe haikuwa na nafasi ya kueleza tofauti hiyo, na sidhani tuwalaumu walioitoa. Walikuwa na ugonjwa mmoja wa kuwinda, na walipenda mtu mmoja mzima ashukiwe bure kuliko mgonjwa mmoja apite.

Ushahidi mwingine uko katika lugha. Upande wa Kenya duara la upara kichwani mwa mtoto huitwa mashilingi. Jina linatokana na umbo la sarafu, na lenyewe linatupa umri wake, kwa sababu shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921, baada ya rupia na baada ya florini iliyodumu kwa muda mfupi tu. Kiswahili cha zamani kilikuwa na choa na mba, maneno yanayotaja fangasi na magamba. Mashilingi ni neno la macho tu. Halisemi kama duara lina magamba au ni laini, linawasha au haliwashi. Matokeo yake ni kwamba magonjwa mawili tofauti kabisa yamelala chini ya jina moja. Fangasi wa kichwani huambukiza, hasa shuleni na kwa mashine ya kunyolea isiyosafishwa, na tangu mwaka 1958 ana dawa ya kumeza inayomtoa, griseofulvini. Alopesia haina fangasi wa kuuawa. Mtoto mwenye alopesia anayepewa dawa ya fangasi huimeza wiki baada ya wiki, nywele zisipoota inaonekana mzazi hakufuata maagizo, na zikiota zenyewe, kama zinavyoota mara nyingi, dawa inapata sifa isiyostahili na kosa linarudiwa kwa mtoto mwingine. Katikati ya hayo yote anarudishwa nyumbani asije akawaambukiza wenzake. Nikiulizwa ni neno gani limewaumiza watoto wengi zaidi wa ukanda huu wenye ugonjwa wa kinga, nitataja hilo la sarafu kabla ya neno lolote la kichawi.

Inafaa kukumbuka jinsi eneo hili lilivyochunguzwa. Mahali padogo namna hii pamepata watafiti wengi. Tororo, chini ya lile jabali linaloonekana kutoka kila upande, ilikuwa makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale. Nagongera, hapo hapo Tororo, malaria imehesabiwa nyumba kwa nyumba. Kusini mwa Busia ya Kenya, kuanzia mwaka 1998, shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000 ziliingia katika utafiti wa dawa za minyoo, ule uliochapishwa na Edward Miguel na Michael Kremer mwaka 2004. Kremer baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi, 2019. Malale, ukoma, malaria, minyoo: yote ni magonjwa yanayotoka nje na kuingia mwilini, iwe kwa mbung'o, mbu, pumzi au udongo. Na Alupe yenyewe? Ukoma ulipopungua baada ya tiba ya dawa mchanganyiko iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, mtu angetarajia kituo kiyageukie yale magonjwa mengine ya ngozi yaliyokuwa kwenye jina lake. KEMRI ilikibadilisha jina kikawa kituo cha utafiti wa udhibiti wa magonjwa ya kuambukiza na ya vimelea. Ngozi ikatoka kwenye kibao.

Atakayesema kwamba hiyo ilikuwa sawa ana hoja. Malaria huua, na nywele hazijamuua mtu. Serikali yenye shilingi moja lazima iitumie palipo na jeneza. Nami sidai kwamba Alupe ingeacha kazi yake. Ninachopinga ni hesabu inayosema kwamba kuupuuza ugonjwa usioua hakuna gharama. Gharama yake ni hii tunayoiona: ugonjwa usiopewa jina hukopeshwa jina la ule unaoua. Kama kila muuguzi wa zahanati kati ya Funyula na Malaba angefundishwa kwa saa moja tu kutofautisha duara laini na duara lenye magamba, gharama ya mafunzo hayo isingefika hata bei ya lori moja la vyandarua. Aliyeshauri kwamba mambo madogo yasubiri hakujua, au hakujali, kwamba mambo makubwa yalikuwa yakiyatafuna yale madogo.

Kisha ukaja ukimwi, na hapo mizani ikainama kabisa. Mwezi Oktoba 1985 jarida la Lancet lilichapisha makala ya madaktari wa Uganda na wenzao juu ya ugonjwa mpya uliokuwa ukiitwa slim kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Barabara inayobeba mizigo kutoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo inapita Malaba na Busia, na kabla ya vituo vya mpaka vya pamoja madereva walikaa hapo siku kadhaa wakisubiri karatasi zao zigongwe mhuri. Virusi vilikaa nao. Miongoni mwa mabadiliko ya mwili kwa wagonjwa waliofikia hatua mbaya, nywele zilikuwa nyepesi, laini na chache. Watu waliona. Katika miji ambapo kipimo kilikuwa adimu na kuulizana ilikuwa mwiko, nywele zikawa kipimo cha mtaani: zilisomwa pamoja na mashavu na mkanda wa suruali. Msichana mzima wa afya, aliyenyonyoka kwa sababu ya kinga yake mwenyewe, alihukumiwa sokoni bila kesi. Ni mzaha mchungu wa historia kwamba ugonjwa mmoja ni wa kinga iliyozidi ukali na mwingine ni wa kinga iliyokufa, nao wakapewa uvumi mmoja.

Tororo pia ndiko kulikoonyesha jinsi uvumi huo unavyoweza kudhoofishwa. TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia wenye ukimwi lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, lilikuwa na tawi huko, na kuanzia 2003 Tororo ikawa mahali pa mradi uliopeleka dawa za kurefusha maisha hadi nyumbani kwa mgonjwa, mhudumu akifika kila wiki na pikipiki. Jirani aliyeona pikipiki ile kwa miezi, na akamwona mgonjwa akirudi shambani, alijifunza kwamba sura ya mtu si cheti cha daktari. Hilo halikuwa lengo la mradi, lakini nadhani limewasaidia hata watu ambao hawakuwa na virusi. Aibu iliyotengenezwa na ujuzi nusu ilipunguzwa na ujuzi uliokuja na dawa.

Lakini wakati mlango huo ukifunguka, mwingine ulikuwa umefungwa, nao ni wa soko. Wigi iliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 ikiwa na sifa ya ujeuri. Huko Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, uliiweka katika orodha ya vitu vya kupigwa vita chini ya Operesheni Vijana, iliyotangazwa 1968, pamoja na sketi fupi na krimu za kujichubua. Uganda nayo, chini ya Idi Amin, ikaipiga marufuku mwaka 1974. Fikiria maana yake Busia, ambako kuvuka kwenda nchi nyingine ni hatua chache: nywele ya bandia ilikuwa kosa upande mmoja na pambo upande wa pili. Amri hizo hazikuwauliza waliovaa ni nani anataka kufanana na mwanamke wa London na ni nani anaficha kichwa kilichonyonyoka. Wanaume walioziandika, naona, hawakuwaza kabisa kwamba mtu wa pili yupo. Marufuku zilikwisha, boda boda, ambazo jina lao lilizaliwa kwenye mpaka huu huu kwa kuwavusha watu kutoka forodha hadi forodha, zikaenea Afrika Mashariki nzima, na nywele za kuunganisha zikawa bidhaa ya kila duka. Mwanamke mwenye kazi, mwenye harusi au mwenye kibanda sokoni akatarajiwa kuwa na kichwa kilichosukwa.

Msusi, hata hivyo, anahitaji nywele za kushikia. Hapa mwenye alopesia anapata hasara mara mbili: rasta hazina pa kufungwa, na mvuto wake hunyofoa zile zilizobaki pembeni ya kipara. Linganisha na shule. Shule nyingi za Kenya na Uganda huwataka wasichana wakate nywele fupi kabisa, sheria inayopingwa na wengi kwa sababu nzuri, kwani asili yake ni ya kimisionari na dharau yake kwa nywele za Mwafrika haijifichi. Lakini kwa ajabu ya mambo, mstari wa gwaride la asubuhi shuleni ni mahali pa mwisho panapofanana na kijiji cha zamani: wote wamenyolewa, hakuna wa kunyooshewa kidole, ilimradi duara halijaitwa mashilingi. Msichana mwenye ugonjwa huu hufichwa na sheria hiyo hadi mtihani wa mwisho. Mwaka unaofuata wenzake wote wanasuka, naye anaanza kuonekana. Sitetei wembe wa shule. Nasema tu kwamba yeyote anayetaka kuufuta akumbuke pia kuwafundisha wanafunzi kwa nini mmoja wao hataota nywele akiruhusiwa.

Na wigi je, si jawabu? Kwa wengi ndiyo, na sioni sababu ya kuidharau. Leso iliyofungwa vizuri, kilemba cheupe cha makanisa ya Roho, hijabu, kofia, wigi: vyote vimewapa watu heshima ya kwenda mazishini au sokoni bila kuhojiwa. Wapo wanaochagua kunyoa zote na kutembea hivyo, na kwa mwanaume hilo ni rahisi, kwani kipara cha mwanaume kinachekwa kwa utani tu, "kipara ngoto" ya watoto, bila kuvunja uchumba wa mtu. Udhaifu wa vifuniko ni kwamba havimwambii mume, mama mkwe wala mwalimu kitu. Siku kinapoanguka, maelezo yanatungwa na walioshuhudia. Mnamo Machi 2022 mwigizaji Mmarekani Will Smith alipompiga mchekeshaji Chris Rock kofi jukwaani kwa sababu ya mzaha juu ya kichwa cha mkewe, neno alopesia lilitajwa redioni Afrika Mashariki kwa wiki nzima, kisha likazama. Waliobaki nalo ni wale waliokuwa nalo kabla.

Tiba ipo, ila si ya miujiza. Duara dogo mara nyingi huachwa lijirudie lenyewe, au daktari wa ngozi huchoma sindano za steroidi ndani ya baka, mwezi baada ya mwezi. Kwa walionyonyoka sana, Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib mwezi Juni 2022, dawa iliyokuwa tayari ikitumiwa kwa baridi yabisi. Huwaotesha nywele baadhi ya watu, nywele zinaweza kutoka tena dawa ikisitishwa, inataka vipimo vya damu vya mara kwa mara, na bei yake si ya mfuko wa mkulima wa Bunyole wala wa Samia. Kwa hiyo kinachoweza kufika Busia leo ni utambuzi, na hilo si dogo. Tangu 1992 kituo cha mafunzo kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha maafisa tabibu wa nchi mbalimbali za Afrika magonjwa ya ngozi, wakiwemo wa Kenya na Uganda, kwa imani kwamba mtu wa ngazi hiyo akijua kutazama, hahitaji mashine.

Nao utazamaji wenyewe ni huu. Mpeleke mgonjwa penye mwanga wa dirisha, upitishe kidole juu ya duara. Likiwa na magamba, vinyweleo vilivyokatika na muwasho, shuku fangasi. Likiwa na ganzi, mpime ukoma. Likiwa na kovu, mpeleke kwa daktari haraka, huenda ni lupasi. Likiwa laini kama shavu, mwandikie mwalimu barua kwamba mtoto huyu haambukizi, arudi darasani leo.